Kuandaa Hiace iwe makao ya siku tatu mafuriko yakija

Hiace iliyotandikwa kitanda haina uwezo wa kuvuka mto. Kazi yake ni kuitoa familia nyumbani mapema, kisha kuipa pa kulala, maji na mwanga kwa siku tatu hivi hadi maji yapungue au ndugu wawapokee. Ukishakubali hilo, orodha ya vifaa inapungua sana, na huna haja ya matairi makubwa wala bomba la kuvutia hewa juu ya paa.

Maji yanayotembea yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kulinyanyua gari dogo, na sentimita 60 hubeba magari mengi, hata yale marefu ya kwenda porini. Hiace ina ubavu mpana na bapa ambao mkondo hupata pa kusukuma. Kwa hiyo kila kinachofuata hapa kinachukulia kwamba gari limeshaondoka kabla barabara haijajaa.

Kitanda na mzigo

Acha viti vya mbele na safu moja nyuma yake, vyenye mikanda inayofanya kazi. Hakuna mtu anayesafiri akiwa amelala kitandani, hata mtoto, kwa sababu breki moja ya ghafla inamrusha hadi kwenye dashibodi. Nyuma ya safu hiyo jenga fremu ya skwea paipu ya milimita 25, juu yake plaiwudi ya milimita 15 iliyokatwa vipande vitatu ili uweze kufunua kimoja bila kuondoa godoro lote. Pima nafasi iliyobaki kabla ya kununua chochote. Ikiwa kitanda hakifiki sentimita 185, fanya kipande cha mbele kiwe cha kukunja, kilalie juu ya kiti kilichoinamishwa.

Fremu ifungwe kwa bolti kwenye matundu yaleyale yaliyokuwa yameshika viti. Fundi akitaka kutoboa sakafu, mwambie aingie kwanza chini ya gari aone tangi la mafuta na mabomba ya breki yanapita wapi. Skrubu ndefu iliyogusa bomba la breki inaweza kukaa miezi bila kuonyesha dalili.

Urefu wa kitanda kutoka sakafuni ndio unaosumbua. Dumu la lita 20 linahitaji karibu sentimita 40, na ukipandisha kitanda kiasi hicho kwenye gari la paa la kawaida, mtu mzima hawezi kukaa wima. Heri madumu ya lita 10: ni mafupi, mtoto mkubwa anaweza kulibeba moja, na likichafuka hupotezi maji yote.

Watu wazima watano ni takriban kilo 350. Ongeza maji kilo 100, kitanda na godoro 70, betri na paneli 40, chakula, gesi na vifaa 100: jumla kilo 660. Van nyingi za aina hii hubeba karibu tani moja, kwa hiyo nafasi ipo, mradi uzito ukae chini na katikati ya magurudumu. Juu ya paa weka paneli ya sola peke yake. Mtu anayepandisha madumu ya maji na magodoro kwenye keria analifanya gari liyumbe kwenye kona na upepo.

Kwa Kenya, kubadilisha aina ya bodi ni jambo la kuandikisha NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Popote ulipo, iarifu kampuni ya bima kabla ya kung'oa viti.

Maji na chakula

Hesabu lita 4 za kunywa na kupikia kwa mtu mmoja kwa siku. Watu wanne kwa siku tatu ni lita 48. Ongeza lita 40 za kunawa na kuoshea vyombo, unafika madumu tisa ya lita 10. Yabadilishe maji kila baada ya miezi sita, na dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya shamba lisitumike hata likioshwa mara kumi.

Baada ya mafuriko visima na mabomba huingiwa na maji ya vyoo, ndiyo maana kipindupindu hufuata. Beba vidonge vya klorini vya miligramu 67, kimoja kwa lita 20 za maji maangavu. Usipovipata, tumia dawa ya kung'arishia nguo isiyo na manukato yenye sodiamu haipokloraiti asilimia 3.5: mililita 3 kwa lita 20, yaani matone matatu kwa lita, kisha subiri dakika 30. Maji ya tope yaache yatuame na uyachuje kwa kitambaa kwanza, kwa sababu uchafu hula klorini kabla haijaua vijidudu.

Kwenye chakula, acha maharage makavu nyumbani. Yanataka zaidi ya saa moja motoni na maji mengi. Unga wa uji, tambi, dagaa wa kukaanga, karanga, tende na maharage ya kopo vinatosha, pamoja na pakiti kadhaa za ORS, dawa ya kurudisha maji na chumvi mwilini kwa anayeharisha.

Umeme

Kabla ya kununua betri, piga hesabu ya matumizi ya siku moja. Simu nne ni takriban Wh (wati-saa) 60, taa mbili za LED za wati 5 kwa saa tano ni Wh 50, redio Wh 10, feni ndogo ya wati 10 kwa saa nane Wh 80. Jumla ni Wh 200. Betri ya AGM (betri ya risasi na asidi iliyozibwa, isiyoongezwa maji) ya 12V 100Ah, ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, inatoa Wh 600. Hizo ni siku tatu kamili hata jua lisipotoka kabisa, na katikati ya masika jua ni la kuomba.

Friji ndogo ya kompresa ya lita 40 inaharibu hesabu hii, maana peke yake inaweza kula Wh 350 hadi 500 kwa siku. Wengi wanaoinunua wanaishia kupoza soda. Mwenye sababu ya kweli ni anayetumia insulini, na hata yeye asome kwanza karatasi ya dawa yake: aina nyingi zikishafunguliwa huvumilia joto la hadi nyuzi 25 au 30 kwa takriban wiki nne. Tatizo ni gari lililofungwa juani, ambalo hupita nyuzi 40 upesi. Chungu ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa katikati, kikiwekwa kivulini penye upepo, hupunguza joto bila umeme. Kinafanya kazi vizuri bara kuliko pwani, ambako hewa yenye unyevu haikaushi mchanga.

Kufunga betri hiyo iwe ya pili, mbali na ya gari:

1. Iweke ndani ya boksi, ikiwa imenyanyuliwa sentimita 10 kutoka sakafuni na kufungwa kwa mkanda. Maji yakiingia kwa mlango, yanaanzia sakafuni.
2. Weka fyuzi ya 40A ndani ya sentimita 20 kutoka chanya ya betri ya gari, na nyingine kama hiyo kwenye betri ya pili. Waya una umeme kutoka pande zote mbili, hivyo fyuzi moja haitoshi.
3. Tumia waya wa shaba wa milimita 10 za mraba. Chuna kipande uone: ukikwangua uzi mmoja kwa kisu na ndani ukang'aa mweupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, nayo hupata moto zaidi. Kila tundu la bati unapopita waya liwekwe mpira.
4. Katikati funga chaja ya DC-DC ya 20A, inayochaji betri ya pili kwa umeme wa gari kwa kiwango kinachodhibitiwa, na waya wake wa kuiamsha utoke kwenye swichi ya gari ili izime pamoja na injini.
5. Kama kuna paneli, unganisha kidhibiti chake na betri kwanza, paneli baadaye. Ukianza na paneli, baadhi ya vidhibiti husoma voltiji vibaya au huungua.

Mafundi wengi watakushauri uweke relei tu badala ya chaja hiyo, ni rahisi. Kwa AGM kwenye gari la zamani inakwenda, ingawa betri haijai vizuri. Kwa lithiamu ni kujitafutia balaa: betri hiyo huvuta ampea nyingi mno, na alteneta ikiwa injini iko sailensa (inanguruma polepole bila gari kutembea) haina upepo wa kujipoza, hivyo inaungua. Kuchaji gari likiwa limesimama kunakula karibu lita moja ya dizeli kwa saa kwa faida ya Wh 240 hivi. Afadhali uzime feni.

Moto, hewa na mbu

Jiko la mkaa halilali ndani ya gari, hata likibaki jivu. Mkaa unaofifia ndio unaotoa kaboni monoksaidi nyingi, haina harufu, na aliyelala haamki. Vivyo hivyo kwa injini inayonguruma usiku huku gari limesimama kwenye maji au tope linaloziba ekzosi. Weka kifaa cha kugundua kaboni monoksaidi usawa wa kichwa cha anayelala.

Pika nje, chini ya turubai. Mtungi wa gesi wa kilo 3 au 6 usimame wima ndani ya kasha lenye tundu la milimita 50 sakafuni linalotokeza nje, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hujaa chini. Jaribu maungio kwa povu la sabuni, na usiku funga valvu ya mtungi wenyewe.

Madirisha mawili yabaki wazi sentimita mbili au tatu, moja mbele na moja nyuma. Kata chandarua kikubwa kuliko fremu ya mlango, shona sumaku ndogo pembeni, kitashika kwenye bati bila gundi.

Nyoosha miguu unapolala. Baada ya matetemeko ya Kumamoto, Japani, Aprili 2016, watu wengi walilala kwenye magari yao kwa kuogopa nyumba, na baadhi yao walipata damu kuganda miguuni kwa kukaa kitini usiku kucha, na angalau mmoja alikufa. Asiyepata nafasi kitandani ashuke kila baada ya saa mbili atembee, na anywe maji hata kama choo kiko mbali. Choo chenyewe ni ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, mfuko mgumu ndani na kopo la maranda au majivu.

Kuondoka na kuegesha

Tangi lisishuke chini ya nusu kuanzia Machi hadi mvua ziishe. Lita 35 za dizeli kwa wastani wa kilomita 10 kwa lita zinakupa kilomita 350, na vituo vya mafuta visivyo na umeme havipampu. Beba noti ndogondogo, maana mtandao ukikatika wakala hana la kukusaidia.

Chora njia mbili zisizovuka mto mmoja. Anayetoka Kariakoo, Dar es Salaam, asihesabu Jangwani na Kigogo kuwa njia mbili, kwa sababu zote zinavuka mto Msimbazi. TMA, mamlaka ya hali ya hewa ya Tanzania, ikitoa angalizo, jaza madumu. Ikitoa tahadhari, pakia dawa za siku saba na vyeti vilivyofungwa kwenye nailoni. Ikiwa tahadhari kubwa, au maji yamefika alama uliyoichagua mapema kwenye nguzo ya daraja, ondokeni, na iwe mchana.

Egesha mwinuko usio na korongo juu yake, mbali na miti na mabango, pua ikielekea barabarani. Usitazame mto ulio mbele yako tu. Huko Mai Mahiu, Kenya, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyozuiliwa kwenye tuta la reli upande wa juu yaliachia ghafla na kusomba watu wakiwa usingizini. Goma na kandokando ya Ziwa Kivu kuna hatari nyingine: mazuku, hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini na kutuama mabondeni. Waliokimbia volkano ya Nyiragongo Mei 2021 kuelekea Sake walipita maeneo yenye mazuku. Huko usilaze gari kwenye shimo, hata pakikukinga na upepo.

Gari likizimika ndani ya maji, usiliwashe tena. Maji hayabaniki, yakiwa ndani ya silinda, starta inapinda fimbo za pistoni na injini imekwisha. Fungueni mikanda, shusheni vioo kabla umeme haujakatika, tokeni. Nyundo ya kuvunjia kioo ifungwe karibu na dereva na nyingine karibu na kitanda.

Mkirudi, kagueni mafuta ya difu na gia kama magurudumu yalizama hadi kwenye ekseli. Yakitoka meupe kama maziwa, maji yameingia: yamwageni siku hiyohiyo, maana beringi zinaanza kutu upesi.