Kabla Mwanafunzi Hajasimama na Utafiti Wake Mbele ya Watu

Jambo la kwanza la kuangalia, hata kabla ya kuwasha kompyuta, ni nani watakaokaa kwenye viti. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza amezoea kuwasilisha kazi yake mbele ya wahadhiri wawili watatu ambao wameshaisoma, lakini akiitwa kuieleza kwa dakika tatu au tano mbele ya watu wa kila aina, iwe ni ukumbini chuoni Tunguu, Unguja, au katika skuli ya kijiji, atawakuta sheha (kiongozi wa shehia, yaani wa mtaa au kijiji), walimu, wazee, wanafunzi wa sekondari, na mara nyingi wale wale waliokaa naye kibarazani wakajibu maswali yake. Hawa wa mwisho ndio wa kuwafikiria zaidi kuliko wote, kwani wametoa wakati wao na maneno yao, na wana haki ya kusikia kilichopatikana.

Tumchukulie mwanafunzi aliyepima joto la maji katika mashamba ya mwani ya Paje. Kilimo hicho kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wakulima walio wengi ni kinamama. Akitaka wamsikilize, ni lazima aitazame bahari kabla ya kupanga siku, kwa sababu wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa sana na kutoka sana, maji hutoka kuanzia kama saa nne za asubuhi, na hiyo ndiyo saa mkulima anapokuwa shambani akifunga kamba au akivuna. Mkutano wa asubuhi ya bamvua utajaa watu wa ofisini peke yao. Siku za maji mafu, ambapo bahari haijai wala haitoki sana, zinafaa zaidi, na ratiba iachie nafasi ya sala ya adhuhuri au alasiri, ili msemaji wa mwisho asikatizwe na adhana akiwa katikati ya maneno yake.

Baada ya hapo aandike sentensi moja tu, ile ambayo angependa mkulima aifikishe nyumbani na kumwambia jirani. Kazi hii ni ngumu kuliko inavyoonekana, na mimi huwashauri wanafunzi waipe siku nzima. Kichwa cha tasnifu hakiwezi kuwa sentensi hiyo, kwa kuwa kiliandikwa kwa ajili ya mtahini, tena aghalabu kwa Kiingereza. Mwanafunzi wetu anaweza kuanza hivi, akizitaja aina mbili za mwani unaolimwa: kotonii ina bei nzuri kuliko spinosamu, lakini katika maji ya kina kifupi yanayopata joto kali matawi yake hugeuka meupe, yakalegea, yakakatika kwenye kamba. Kila mkulima aliyemo ukumbini ameshayashika matawi hayo kwa mikono yake, na kuanzia hapo yuko tayari kuambiwa kipimajoto kilionesha nini. Lolote lisiloisaidia sentensi hiyo, hata kama lilimgharimu wiki mbili za kazi, libaki ndani ya tasnifu.

Maneno ya kitaalamu yapimwe moja moja. "Nadharia tete" na "sampuli" ni Kiswahili sahihi, lakini asiyepita chuoni hafaidiki nayo. Ni bora kusema "nilikuwa nikidhani kwamba" na "nilichagua mashamba kadhaa". Vipimo navyo vinahitaji kitu cha kulinganishia. Ukimwambia mtu kwamba lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 za chumvi, hesabu hiyo itampita, lakini ukimwambia ni kama vijiko sita vya chai vilivyokorogwa ndani ya lita moja, ulimi wake utakumbuka. Hata hivyo, kurahisisha lugha kusiongeze nguvu ya matokeo. Ikiwa joto na kufa kwa mwani vilionekana kwa pamoja, na aseme vilionekana pamoja. Asiseme kwamba joto limeua, kama utafiti wake haukuwa na uwezo wa kulithibitisha hilo.

Muda upimwe kwa sauti, kwa kusimama, na simu ikihesabu. Mashindano ya kueleza tasnifu kwa dakika tatu, yaliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia mwaka 2008 kwa wanafunzi wa uzamivu, huruhusu slaidi moja tu isiyobadilika, na kanuni hiyo inafaa hata pasipo na mashindano. Kwetu kuna jambo jingine la kuhesabu, nalo ni itifaki. Salamu kwa mgeni rasmi, kwa viongozi na kwa wazee haziachwi, wala sipendi ziachwe, lakini zikitamkwa moja moja zinaweza kumaliza dakika nzima. Mwanafunzi akubaliane mapema na mshereheshaji kwamba itifaki izingatiwe mara moja kwa niaba ya wote, naye abakie na "Assalamu alaykum" na neno moja la heshima.

Kuhusu picha nina msimamo mkali. Mama aliyepigwa picha akiwa majini, nguo zimerowa hadi kifuani, alikubali pengine kwa ajili ya ripoti. Hakukubali kuoneshwa ukutani mbele ya wakwe zake na majirani. Nimewahi kumuona mmoja akijifunika uso kwa mtandio wakati picha yake ikiwa bado juu, na yaliyosemwa baada ya hapo hakuna aliyeyasikia. Ruhusa iombwe upya, kwa ajili ya siku hiyo, au ioneshwe mikono na kamba tu. Mchoro mkuu uchapishwe pia kwenye karatasi kubwa, kwani umeme hukatika.

Maswali nayo yaandaliwe. Mkulima atauliza: "Sasa tufanyeje?" Akijibiwa kwamba mwani upelekwe kwenye maji ya kina kirefu, atauliza tena watafikaje huko bila ya chombo, na wengi wao hawajui kuogelea. Mwanafunzi aseme waziwazi utafiti wake ulikoishia, kwamba alipima joto na hakupima gharama ya vyombo, kisha aandike jina la muulizaji na shehia yake, ili jibu atakalolipata kwa msimamizi wake lirudi kwa aliyeuliza.