Upo Italia kimasomo? Hivi ndo utakula vizuri bila kumaliza boom

Haya wadau, kila mwaka kuna madogo wanafika huku alafu miezi mitatu wanakula wali na mayai ya kukaanga chumbani, wengine wanaogopa bei, wengine wanaogopa kitimoto, wakirudi likizo wanasema Italia hamna chakula. Mi nipo Bologna, mji wenye chuo tangu 1088, na Waitaliano wenyewe wanauita la grassa, yaani bonge, sababu ya msosi. Ukiwa Torino au Padova badilisha mawili matatu tu.

Anza na bar, na usitishike na jina, huku bar sio baa ile ya kwetu ya nyama choma na mziki, ni sehemu ya kahawa, asubuhi utamkuta bibi kizee, trafiki na mtoto wa shule wote wamesimama kaunta. Na wewe simama hapohapo. Ukisema "un caffè" unaletewa espresso, kikombe kidogo kama cha wale wauza kahawa wa Kariakoo, mafunda matatu imeisha unasepa, kama euro 1 na senti kadhaa. Ukikaa mezani kahawa ileile bei inapanda, angalia listino, orodha ya bei, ukutani kwanza. Mi wiki ya kwanza nilikaa meza ya nje kwenye piazza moja kubwa nikajifanya mwenyeji nikaagiza "latte", nikaletewa glasi ya maziwa. Maziwa matupu, meupe, hata kahawa haijapita karibu. Bili euro 6. Nikayanywa mpaka tone la mwisho maana euro 6 sio mchezo. Kwa hiyo shika hili, latte ni maziwa, ukitaka yenye kahawa sema caffè latte au cappuccino, na cappuccino ni ya asubuhi, ukiiagiza baada ya msosi wa mchana hukamatwi ila watakuangalia kama mtu anayekunywa uji na pilau. Kitafunwa chake ni cornetto, mkate mtamu wa umbo la mwezi, huku kaskazini wengi wanasema brioche, chukua ya pistacchio (njugu za kijani) ukiwa na hela, ya vuoto (haina kitu ndani) ukiwa huna.

Msosi wa nje una saa zake. Migahawa mingi jiko linafungwa kama saa nane na nusu mchana mpaka saa moja na nusu usiku, ukitoka kipindi saa kumi una njaa utaishia kipande cha pizza cha kukatwa, ambacho sio kibaya hata kidogo. Ukikaa mgahawani utaona coperto kwenye bili, kama euro 2 au 3 kwa kichwa, hiyo ni hela ya kukalia kiti na mkate, sio wizi, imeandikwa kwenye menyu. Siku za kawaida kula mensa, kantini ya wanafunzi, unapata primo ambayo ni pasta au wali, na secondo ambayo ni nyama au samaki, na kama umepata borsa ya mkoa, yaani hela ya ufadhili wa masomo, fuatilia mapema punguzo lako, usisubiri kuambiwa.

Sasa kwa wasiokula kitimoto, hapa ndo pa kuwa makini kweli kweli sababu huku anajificha. Tortellini, pasta ndogo za kujazwa nyama, fahari ya Bologna, recipe yake ilisajiliwa 1974 chemba ya biashara na ndani kuna nguruwe kwa njia tatu: nyama yake, prosciutto (paja lililokaushwa) na mortadella (soseji nene). Ragù, sosi ya nyama, ya asili ina pancetta (nyama ya tumbo la nguruwe) na divai. Chukua tortelloni, herufi moja tu imebadilika, hizo ni kubwa na kawaida ndani ni ricotta, jibini laini, na siagi na majani ya salvia juu, ukila utasahau kwenu. Piadina, chapati ya hapa jirani Romagna, wengi wanaikanda na strutto, mafuta ya nguruwe, uliza "senza strutto?" (bila strutto?), zipo za mafuta ya zeituni. Kwenye vitamu pia usizubae. Panna cotta inashikishwa na kitu kinaitwa colla di pesce, ukitafsiri ni gundi ya samaki, kumbe mara nyingi imetoka kwa nguruwe. Babà imelala kwenye rum, tiramisù wengine wanatia Marsala, swali lako ni "c'è alcol?" (kuna pombe?) na wanajibu vizuri tu, hakuna anayekununia.

Gelato, aiskrimu ya huku, mara nyingi ndo usalama wako na raha yako. Kichuguu kirefu cha rangi kali kali pita mbali. Angalia pistacchio, ikiwa kijani cha kung'aa kama jezi ya Yanga hiyo ni rangi, ya ukweli ina kijani cha kufifia kinaelekea kahawia, na gelato ya ndizi ya ukweli haina unjano, ni kama kijivu hivi. Duka zuri mara nyingine gelato huioni kabisa, ipo kwenye mapipa yenye mifuniko. Omba kuonja, "posso assaggiare?", alafu chukua coppetta (kikombe) ndogo ladha mbili, kama euro 3. Mi pistacchio na fior di latte (ya maziwa tu), sibadilishi.

Chumbani pika pasta, ila sahau tulivyozoea kupika tambi mpaka zinalegea. Lita moja ya maji kwa gramu 100, chumvi gramu 10, na itoe dakika moja kabla ya ile iliyoandikwa kwenye pakiti, imalizie kwenye kikaango chenye mafuta ya zeituni, kitunguu saumu na pilipili, na kijiko kikubwa cha maji yake yale ya chumvi ili sosi ishike, sio iogelee chini. Na ukimiss ugali usinunue unga wa bei mbaya duka la Wahindi, nenda supamaketi kwenye shelfu ya polenta, ugali wa Waitaliano, chukua farina di mais (unga wa mahindi) iliyoandikwa fioretto, ndo laini, bramata ni chenga chenga. Veneto wanayo na nyeupe kabisa, ukisonga mwenzako wa Iringa hajui kama katoka nje ya nchi.

Ya mwisho, panettone. Desemba utaziona kila kona, mikate mirefu ya zabibu kwenye maboksi, bei juu, vumilia. Tarehe 6 Januari sikukuu zinaisha na supamaketi zinaanza kuzitupa kwa nusu bei na chini ya hapo, mi mwaka jana nilibeba nne, nikawa nakata slesi asubuhi nachovya kwenye chai ya maziwa yenye tangawizi mpaka Februari, rumeti wangu wa Napoli alikuwa anafumba macho ili asione.