Kutafsiri vyeo vya umwinyi na maeneo yake kutoka Kiingereza kwenda Kijapani

Mfasiri wa vyeo vya umwinyi haanzi mikono mitupu, kwa kuwa Kijapani kina ngazi tano zilizorithiwa kutoka China ya kale, ambazo serikali ya Japani ya enzi ya Meiji ilizirasimisha mwaka 1884 na ambazo zilifutwa mwaka 1947 chini ya katiba mpya. Kuanzia juu, “duke” ni kōshaku (公爵), “marquess” ni kōshaku (侯爵), “earl” ni hakushaku (伯爵), “viscount” ni shishaku (子爵) na “baron” ni danshaku (男爵). “Count” wa bara la Ulaya naye huitwa hakushaku, na ndivyo inavyostahili, maana hata Waingereza humwita mke wa “earl” “countess”.

Angalia kwamba vyeo viwili vya juu hutamkwa sawasawa na hutofautishwa kwa kanji (herufi zenye asili ya China) pekee. Kwa msomaji hilo si tatizo, lakini katika maandishi yatakayosikika, kama ya mchezo wa redio, msikilizaji hatajua nani mkubwa. Hivyo ni heri kila mmoja atajwe kwa jina la eneo lake.

Kwenye maeneo ndiko makosa mengi hutokea. Kabla ya kuandika chochote, jiulize kama eneo hilo ni nchi inayojitawala au ni milki iliyo ndani ya ufalme. Luxemburg ni taikōkoku (大公国) na Monaco ni kōkoku (公国), kwa sababu koku ni nchi. “Duchy” (milki ya “duke”) ya Cornwall, iliyo ndani ya Uingereza, ni kōryō (公領), kwa kuwa ryō ni milki tu. Ukiiandika kōkoku, msomaji ataona dola huru ambayo haipo. Vivyo hivyo, “county” ya mwinyi wa zama za kati ni hakushakuryō (伯爵領), ilhali “county” ya leo ya Uingereza, kama Kent, ni shū (州) na “county” ya Marekani ni gun (郡). Neno han (藩) liepukwe kabisa, kwani humrudisha msomaji kwenye milki za daimyo (mamwinyi wa Japani) zilizofutwa mwaka 1871.

“Prince” nalo lina mtego wake: mwana wa mfalme ni ōji (王子), lakini mtawala wa Monaco hawezi kuitwa hivyo, kwa kuwa yeye ndiye mkuu wa nchi, na cheo chake huandikwa kwa kanji ileile ya 公 iliyomo katika jina la nchi yake.