Kupima Candida kwa flukonazoli: namna ya kuusoma ukingo unaofifia

Wataalamu wengi wa maabara hapa Mwanza wameanzia kwenye kupima bakteria kwa diski (vipande vya karatasi vyenye dawa), na wanapokutana na Candida, kuvu wa jamii ya hamira, hushangaa kuona kwamba duara la flukonazoli, dawa ya kuvu, yaani eneo linaloizunguka diski ambako uotaji umezuiwa, halina ukingo mkali. Sababu iko kwenye kimeng'enya kinacholengwa na dawa. Vimeng'enya vya familia ya CYP51, vinavyopatikana kwa wanyama, mimea, kuvu na hata bakteria kadhaa, akiwemo yule wa kifua kikuu, huondoa kundi la methili kwenye kaboni ya 14 ya steroli, aina ya mafuta ya seli. Ndani ya Candida, lanosteroli hupitia hapo ili hatimaye iwe ergosteroli, ambayo utando wa seli hauwezi kukaa sawasawa bila hiyo. Flukonazoli hujishikiza kwenye atomu ya chuma iliyo katikati ya kimeng'enya na kukizuia. Seli hazifi papo hapo bali hudumaa, na udumavu huo ndio utakaoupima.

Hatua ya kwanza ni kuitambua spishi. Ukipata Candida krusei usipoteze diski, kwa kuwa ni sugu kwa flukonazoli kwa asili yake.

Hatua ya pili ni kuandaa agari ya Mueller-Hinton (chakula kigumu cha kuoteshea vimelea) yenye glukosi asilimia 2 na methilini buluu mikrogramu 0.5 kwa kila mililita, kwa kina cha milimita 4. Glukosi huisaidia hamira kuota vizuri, na rangi hiyo huufanya ukingo uonekane.

Hatua ya tatu inahusu diski za mikrogramu 25, na hapa hewa ya ziwa ina neno. Chupa iliyotoka kwenye friji ikifunguliwa ingali baridi, unyevu wa hewa hugeuka matone juu ya diski. Iache imefungwa mpaka ifikie joto la chumba.

Hatua ya nne ni kuchanganya makoloni ya saa 24 kwenye maji ya chumvi yaliyotakaswa hadi uzito wa 0.5 McFarland (kipimo cha ukungu wa mchanganyiko), kupaka sahani yote kwa kijiti cha pamba katika pande tatu, kuweka diski, kisha kuatamisha kwa nyuzi 35 kwa saa 20 hadi 24. Kama umeme ulikatika usiku, angalia kwanza rekodi ya joto la inkubeta. Mimi husingizia umeme kabla ya kumsingizia kimelea.

Hatua ya tano ndiyo inayotenganisha mzoefu na mgeni. Ndani ya duara utaona ukungu wa vikoloni vidogo mno: hizo ni seli zilizodumaa, wala si usugu. Vipuuze, na upime kipenyo pale uotaji unapopungua waziwazi. Anayepima mpaka penye uwazi kamili ataiita sugu aina inayotibika, na mgonjwa atanyimwa dawa inayomfaa. Kwa Candida albicans, milimita 17 au zaidi ni kutibika, 14 hadi 16 ni kutibika kwa dozi kubwa, na 13 au pungufu ni usugu.

Usitoe jibu lolote kabla ya kupima, siku hiyohiyo, aina ya udhibiti ATCC 90028 (Candida albicans ya kuhakikishia kipimo), ambayo duara lake linapaswa kuwa kati ya milimita 28 na 39. Duara dogo kweli laweza kutokana na kimeng'enya kilichobadilika umbo au na pampu zinazoitoa dawa nje ya seli. Diski haitofautishi hayo mawili, kwa hiyo kwenye fomu andika kipenyo na tafsiri yake pekee.