Somo: Triathloni ya kilomita 113 baada ya miaka 55, hatua kwa hatua

Somo hili ni la wenzangu waliovuka miaka 55 na wana hamu ya triathloni ndefu, yaani mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, ila nyumbani wanaambiwa umri wao ni wa kulea wajukuu. Nitaeleza nusu ya Ironman: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli kilomita 90, kukimbia kilomita 21.1. Nimeichagua kwa sababu tunayo jirani. Mwaka 2022 mashindano ya Ironman 70.3 Rwanda (maili 70.3, yaani hizo kilomita 113) yalifanyika kwa mara ya kwanza Rubavu, kando ya Ziwa Kivu, mahali ambapo mtu wa Mwanza au Kampala anafika kwa basi. Anayeota Ironman kamili ya kilomita 226, apitie hii kwanza.

Msimamo wangu nautanguliza ili mniulize vizuri. Kwa umri wetu, nguvu za kumaliza zipo. Kinachopungua sana ni kasi ya mwili kupona baada ya mazoezi, na ratiba isiyoheshimu hilo itakuumiza kabla ya siku ya mashindano. Kila hatua hapa chini imepangwa kwa kufuata hilo.

Hatua ya 1: Moyo

Nenda hospitali kabla hujanunua hata miwani ya kuogelea. Omba kipimo cha ECG, yaani cha umeme wa moyo, na ikiwezekana upimwe ukiwa unatembea kwenye mashine au unapiga pedali, maana moyo unaoonekana mzima ukilala kitandani unaweza kuonyesha kasoro ukipewa kazi. Pima pia presha, sukari, figo na wingi wa damu. Kama katika ukoo wenu kuna aliyefariki ghafla akiwa bado na nguvu zake, mwambie daktari.

Nalisisitiza hili kwa sababu watafiti wa Marekani walikusanya matukio ya vifo na ya moyo kusimama ghafla katika triathloni za nchini kwao kuanzia 1985 hadi 2016. Walipata matukio 135, na 90 kati ya hayo yalitokea wakati wa kuogelea. Wengi walikuwa wanaume, na hatari ilipanda pamoja na umri. Kifua kikibana, ukiona kizunguzungu, mapigo yakienda kombo au pumzi ikikata kuliko ulivyozoea, zoezi linaishia hapo na safari ya hospitali inaanza siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Piga hesabu kuanzia mwisho

Wengi huanza kwa kuuliza "nifanye mazoezi kiasi gani?" Anza na saa. Kila mashindano hutangaza muda wake wa kufunga, na kwa umbali huu kawaida huwa hivi: utoke majini ndani ya saa 1 na dakika 10, umalize baiskeli kabla ya saa 5 na dakika 30 tangu ulipoanza, na uvuke mstari ndani ya saa 8 na dakika 30.

Sasa tuhesabu. Ukiogelea kwa saa nzima, ukatumia dakika 10 kubadilisha nguo, ukaendesha kwa wastani wa kilomita 22 kwa saa, baiskeli itakuchukua saa 4 na dakika 5. Ongeza dakika 10 nyingine za kubadilisha. Umetumia saa 5 na dakika 25, na zimebaki saa 3 na dakika 5 za kukimbia. Hiyo ni kama dakika 8 na sekunde 46 kwa kilomita, mwendo wa kukimbia na kutembea kwa zamu.

Angalieni namba hizo kwa makini, maana hakuna hata moja inayodai kasi ya kijana. Zinadai uanze ukiwa mzima na ufike ukiwa mzima. Ukishaliona hilo, utapata ujasiri wa kupumzika pale vijana wa klabu wanapokuita mkimbizane.

Na saa haina huruma kwa yeyote. Hiromu Inada wa Japani alianza triathloni akiwa na miaka 70. Mwaka 2015, katika mashindano ya dunia ya Ironman huko Kona, Hawaii, alikosa muda wa mwisho kwa sekunde chache tu. Alirudi, na mwaka 2018, akiwa na miaka 85, akamaliza kwa saa 16 na dakika 53 huku njia ikifungwa saa ya 17. Dakika anazopoteza mtu kwenye kituo cha kubadilisha akitafuta soksi ndizo hizo hizo.

Hatua ya 3: Maji

Hapa nitakaa sana, kwa kuwa ndipo wengi wetu tunapokwama na ndipo penye hatari.

Tulio wengi tulijifunza kuogelea utotoni, ziwani au ufukweni, kichwa kikiwa juu. Mtindo huo unavusha mto, ila kwa kilomita 1.9 unamaliza shingo na pumzi. Kichwa kikiinuka, miguu inazama, na unakuwa unasukuma maji kwa kifua. Tafuta mwalimu wa bwawani, hata kwa masomo machache. Aibu ya kufundishwa na kijana wa miaka 22 iacheni nje ya geti. Natalie Grabow wa Marekani alijifunza kuogelea akiwa na miaka 59, na mwaka 2025, akiwa na miaka 80, alimaliza Ironman kamili ya Kona.

Jifunze kwanza kutoa pumzi ndani ya maji, polepole na mfululizo. Anayebana pumzi hukusanya hewa chafu kifuani na baada ya mita 50 anahisi anakufa, ilhali misuli haijachoka hata kidogo. Kisha jifunze kulala juu ya maji, uso chini na miguu ikielea, halafu kugeuka ubavu kuvuta pumzi bila kuinua kichwa. Ukiweza hayo, anza na mita 50 zenye mapumziko katikati, upande hadi mita 400 bila kusimama, kisha 1,000, kisha 2,000. Usiruke ngazi. Bega la mtu mzima likishachanika linachukua miezi.

Baada ya bwawa, nenda maji ya wazi, na usiende peke yako hata siku moja. Vaa kofia ya rangi kali na ujifunge boya la kuvuta nyuma. Wa pwani mnajua kusoma maji: ogeleeni maji yakiwa yamejaa, na chagueni siku za maji mafu, kwa sababu wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka mita tatu na zaidi na mkondo unaweza kukupeleka usikotaka. Zoea kuinua macho kila baada ya mikono kadhaa kutafuta alama mbele yako. Asiyeangalia huogelea kilomita mbili na nusu badala ya 1.9.

Siku ya mashindano ingia majini mapema uuzoeshe mwili baridi, kisha simama nyuma au pembeni na uwaache wenye haraka watangulie. Hofu ikikupanda, geukia chali, au shika mtumbwi wa waokoaji. Kanuni zinaruhusu, mradi usivutwe mbele. Ukianza kukohoa, kifua kikabana na makohozi yakawa na povu au damu, hayo ni maji yanayojaa kwenye mapafu, na wenye presha hupatwa zaidi. Inua mkono utolewe. Ukiendelea kuogelea unajiua.

Hatua ya 4: Mzunguko wa siku 10

Juma la siku saba limepangwa kwa watu wa ofisini. Aliyestaafu, au mwenye biashara yake, hana sababu ya kubana kila kitu humo. Mimi napanga siku 10: ya kwanza baiskeli ndefu, ya pili mapumziko, ya tatu bwawani kwa mbinu na mazoezi ya misuli, ya nne kukimbia kwenye vipande vichache vya kasi, ya tano kuogelea kidogo na mazoezi ya misuli, ya sita mapumziko, ya saba baiskeli fupi ya milima na dakika 15 za kukimbia mara tu unaposhuka, ya nane kuogelea kwa muda mrefu, ya tisa kukimbia kwa muda mrefu, ya kumi mapumziko. Baada ya mizunguko miwili, wa tatu uwe nusu ya kazi.

Baiskeli ndefu ianze saa moja na nusu ikue hadi saa nne. Kukimbia kuanze dakika 40 kukue hadi saa mbili. Usiongeze vyote viwili katika mzunguko mmoja. Karibu mazoezi yote yawe ya mwendo ambao unaweza kuzungumza sentensi nzima. Vile vipande vya kasi msiviache, hata vikiwa vya dakika mbili mbili, maana uwezo wa mwili kutumia oksijeni hushuka kila muongo, na aliyeacha kabisa kukimbia kwa nguvu hushuka haraka zaidi.

Kila asubuhi, kabla ya kutoka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja. Yakizidi kawaida yako kwa nane au kumi, siku hiyo ni ya mapumziko hata kama ratiba inasema vingine. Kwa mtu ambaye tayari anatembea na kukimbia kidogo, jipe miezi 8 hadi 10.

Hatua ya 5: Misuli na mifupa

Kuogelea na baiskeli havibebeshi mifupa uzito, na misuli hupungua mwaka hadi mwaka. Mara mbili katika kila mzunguko: kuchuchumaa na kusimama, kupanda ngazi ukiwa na mzigo, kunyanyuka kwa vidole vya miguu, kujisukuma ukutani au chini, kusimama kwa mguu mmoja. Dakika 30 zinatosha.

Hatua ya 6: Chakula, maji, dawa

Mwili wetu unahitaji protini zaidi kuliko wa kijana ili kujenga misuli ile ile. Lenga gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito, yaani gramu 84 hadi 112 kwa mtu wa kilo 70, zikigawanywa katika milo yote. Chai na mkate mkavu asubuhi havifai. Ongeza mayai, maziwa, maharage, dagaa.

Njiani lenga gramu 40 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbili za wastani ni kama gramu 50, na tende zinabebeka vizuri kwenye mfuko wa fulana. Lolote utakalokula siku ile uwe umeshalijaribu kwenye baiskeli ndefu. Kiu hupungua makali kadiri umri unavyosogea, kwa hiyo kunywa mafundo machache mara kwa mara, na uweke chumvi. Ila usijijaze maji matupu, kwa kuwa sodiamu ikishuka sana kwenye damu ni hatari kuliko kiu.

Diclofenac na ibuprofen, ambazo wengi wetu tunazo mfukoni kwa ajili ya mgongo, zisiguswe siku ya mashindano wala siku ya zoezi refu. Zikikutana na upungufu wa maji mwilini zinaumiza figo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Mwanza, miaka 61: Shikamoo Mwalimu. Mimi naogelea Ziwa Victoria. Kichocho je?

Marahaba. Hatari ipo kweli. Konokono wanaobeba kichocho hukaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, hivyo ingia kwa mtumbwi kutoka mbali na matete, na mazoezi mengi yafanye bwawani. Pima wiki 6 hadi 8 baada ya kuogelea. Dawa yake, praziquantel, huua minyoo iliyokomaa, kwa hiyo ukiimeza mapema mno haitakusaidia. Mamba pia wamo, waulize wavuvi wa sehemu hiyo.

Mwanachama wa Mombasa, miaka 58: Mwalimu, goti langu gegedu limelika, daktari amenikataza kukimbia. Naweza kutembea zile kilomita 21 zote?

Unaweza, mama, ila muda uutafute kwenye baiskeli. Ukifikia wastani wa kilomita 25 kwa saa, kilomita 90 zinakwisha kwa saa 3 na dakika 36. Utabakiwa na saa 3 na dakika 34, yaani mwendo wa kilomita 5.9 kwa saa. Huo ni wa kutembea kwa haraka, na unafundishika. Badala ya zoezi la kukimbia, weka la kutembea kwa kasi mlimani. Na baiskeli ipimwe: tandiko lililo chini mno ndilo linalochosha goti.

Mwanachama wa Arusha, miaka 66: Natumia atenolol ya presha. Saa yangu haivuki mapigo 115 hata nikipanda mlima. Nifuate namba gani?

Usifuate namba, mzee wangu, dawa hiyo inazuia mapigo kupanda. Pima juhudi kwa pumzi: ukiweza kuzungumza, ni sawa. Usipunguze dawa kwa uamuzi wako hata siku ya mashindano. Mweleze daktari unachofanya, kwa kuwa kuna dawa nyingine za presha zisizobana moyo hivyo na huenda akakubadilishia.

Mwanachama wa Muscat, miaka 57: Ramadhani nifanyeje? Nisipofanya mazoezi mwezi mzima nitarudi nyuma.

Hutarudi nyuma ukishika kidogo. Mchana acha kabisa mazoezi marefu. Tembea au endesha taratibu dakika 30 kabla ya kufuturu, na baada ya tarawehe fanya misuli au bwawa. Usiku kunywa na ule protini mara mbili, futari na daku. Baiskeli ndefu zirudi baada ya Idi, na usijisajili kwenye mashindano yatakayofanyika ndani ya wiki 8 baada yake.

Mwanachama wa Nairobi, miaka 71: Mdogo wangu, lazima ninunue ile baiskeli ya bei ya gari?

Shikamoo kaka. Hapana. Chukua baiskeli ya barabarani ya mtumba, fremu isiyo na ufa, breki zinazoshika, gia nyepesi za milima, na tairi mpya. Usukani uinuliwe ili mgongo usiteseke. Pesa utakazookoa, nunua helmeti nzuri na ulipie mwalimu wa kuogelea. Jifunze kuziba pancha mwenyewe, kwani kwenye mashindano hakuna ruhusa ya kusaidiwa na mtu wa pembeni.

Mwanachama wa Kigoma, miaka 64: Natimiza 65 mwezi Novemba, mashindano ni Agosti. Nitapangwa na kundi gani?

Umri huhesabiwa kwa ule utakaokuwa nao tarehe 31 Desemba ya mwaka huo. Utapangwa 65 hadi 69, na utakuwa miongoni mwa wadogo wa kundi lako.