Git: kusasisha kumbukumbu za matawi ya seva

Kwenye Git (programu ya kutunza historia ya msimbo), `git status` ikikuambia tawi lako (mkondo wako wa kazi) liko sawa na `origin/main`, usiamini haraka. Amri hiyo haiulizi seva chochote. Inalinganisha tawi lako na `origin/main` iliyo kwenye diski yako, yaani hali ya seva mara ya mwisho ulipowasiliana nayo. Kama ni wiki mbili zilizopita, basi na jibu ni la wiki mbili zilizopita.

Hatua ya 1: leta mapya

```
git fetch --prune
```

Hii husogeza `origin/*` tu, yaani kumbukumbu za matawi ya seva. Faili zako na matawi yako haviguswi, kwa hiyo iendeshe hata ukiwa katikati ya kazi. `--prune` hufuta kumbukumbu za matawi ambayo seva haina tena, usipoiweka, hurundikana. Ukichoka kuiandika:

```
git config --global fetch.prune true
```

Hatua ya 2: tazama kilichoingia

```
git log --oneline main..origin/main
```

Hatua ya 3: sogeza tawi lako

```
git switch main
git merge --ff-only origin/main
```

Mimi naona hii ni bora kuliko `git pull` tupu, ambayo huleta na kuunganisha kwa mkupuo kabla hujaona kitu. Kama `main` yako ina komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) ambazo seva haina nayo seva ina mapya, `--ff-only`, inayokubali tu kusogeza tawi mbele moja kwa moja, itagoma, na ndivyo tunavyotaka. Ukiwa kwenye tawi jingine na hutaki kuhama, `git fetch origin main:main` inatosha.

Hatua ya 4: ondoa yaliyobaki yatima

`--prune` haifuti matawi uliyoyaunda mwenyewe. Endesha `git branch -vv`, tafuta yaliyoandikwa `gone`, kisha `git branch -d` na jina la tawi. Tawi ambalo komiti zake zilibanwa kuwa moja wakati wa kuunganishwa litakataa kufutika, maana Git haizitambui tena. Hakikisha kazi imo ndani ya `main`, ndipo utumie `-D`, inayofuta kwa lazima.

Tahadhari kwa wanaotumia `git push --force-with-lease` (kusukuma kwa nguvu, ila ikatae kama seva imebadilika tofauti na kumbukumbu yako): kinga yake inategemea `origin/*` hizo hizo. Programu ya kuhariri ikiendesha `fetch` kimyakimya, kumbukumbu inakuwa mpya, kinga inaridhika, nawe unafuta komiti za mwenzako ambazo hujaziona. Zima uletaji huo wa kujiendesha, au ongeza `--force-if-includes`, iliyopo tangu Git 2.30.