Somo: Chapa zenye saini na nambari, kununua na kuzitunza hapa Lamu

"Hiyo 12/50 chini ya picha ni nini, na niitundike vipi?" Swali hili limeulizwa tena juzi. Naliandikia somo zima, ili atakayeuliza kesho aelekezwe hapa. Chapa ni picha ambayo msanii huiandaa juu ya bamba, ubao au skrini, kisha huichapa kwenye karatasi nakala moja moja.

1. Soma ukingo wa chini. 12/50 ni nakala ya 12 katika toleo la nakala 50. Kwa kawaida nambari huwa kushoto, jina la kazi katikati, saini kulia, vyote kwa penseli. A/P (kwa Kiingereza "artist's proof") ni nakala za msanii mwenyewe, mara nyingi kama sehemu moja ya kumi ya toleo. Ukiambiwa toleo ni 50 na A/P ni 30, usitoe pesa kabla ya maelezo.

2. Chukua kioo cha kukuza mara kumi. Ukiona vidoto vya rangi vilivyojipanga kama maua madogo, hiyo ni picha ya mchoro iliyotoka mashine ya ofseti, ile ya kuchapia magazeti na mabango, hata ikiwa na saini ya kweli. Chapa ya bamba la shaba huacha karatasi imebonyea kuzunguka mchoro.

3. Dai risiti yenye jina la msanii, mwaka, namna ilivyochapwa, karatasi, vipimo, nambari na karakana iliyochapa.

4. Safarini chapa hukunjwa kama mkeka ndani ya bomba: liwe na upana wa sm 10 au zaidi, ndani ya plastiki. Ndege hutua Manda, halafu ni boti, na maji ya chumvi hayachagui mzigo. Ukifika nyumbani, itoe siku hiyohiyo.

5. Kuipachika. Hapa ndipo mimi niliharibu, kwa hiyo someni polepole. Karatasi ya pamba, ambayo chapa nyingi huchapwa juu yake, hutanuka ikinyonya unyevu na hunywea ikikauka. Ukiibana kwa gundi pande zote nne, masika ikiingia haina pa kwenda: hufanya mawimbi, na mawimbi hayo hayatoki kwa pasi. Tumia vipande viwili tu vya karatasi ya Kijapani (nyembamba, yenye nyuzi ndefu), nyuma, juu kushoto na juu kulia, kila kimoja kama sm 2 kwa 3. Gundi ni wanga wa ngano, si unga: sehemu 1 ya wanga kwa 4 za maji, koroga juu ya moto mdogo mpaka ing'ae, ipoe, ichuje. Paka nyembamba, funika kwa karatasi ya kunyonya maji, weka uzito mpaka ikauke kabisa. Kipande kiwe dhaifu kuliko chapa, ili siku fremu ikianguka kichanike chenyewe. Selotepu HAPANA. Gundi ya mbao HAPANA. Kukata ukingo ili iingie kwenye fremu uliyo nayo, HAPANA. Tafuta fremu nyingine.

6. Kadibodi ya nyuma isiwe na asidi, na kioo kisiguse karatasi. Acha mm 3 hadi 5.

7. Usitundike ukuta wa nje. Kuta zetu ni za matumbawe na chokaa, nazo hunyonya maji na kutoa chumvi. Chagua ukuta wa ndani usiopigwa na jua la kiwanda (ua wa ndani ya nyumba), na weka vipande vya koki, kama vizibo vya chupa, nyuma ya fremu hewa ipite. Unyevu ukizidi asilimia 65 muda mrefu, kuvu huota.

MASWALI

Wa Langoni: Sijasoma yote. A/P ndiyo ghali zaidi?
— Soma hatua ya 1. Bamba ni lilelile. Anayeongeza bei akueleze sababu.

Wa Shela: Yangu nimeilaminisha tayari, itatoka?
— Haitoki. Usijaribu kwa moto.

Wa Malindi: Shikamoo mwalimu. Je, 3/50 ni bora kuliko 47/50?
— Marahaba, swali zuri. Kwa lino (mchoro uliochongwa kwenye linoliamu) au skrini (wino uliopitishwa kwenye kitambaa cha wavu), karibu hakuna tofauti, na mara nyingi nambari huandikwa bila kufuata mfuatano wa kuchapa. Ila kuna mchoro unaokwaruzwa kwa sindano moja kwa moja juu ya shaba. Sindano huinua kingo za chuma zinazoshika wino na kutoa mstari laini kama mahameli. Kingo hizo hulala kwa kila mgandamizo wa mashine, hivyo nakala za mwanzo hushinda. Tazama weusi wa mstari kuliko nambari.

Wa Malindi: Na saini pekee inatosha?
— Haitoshi, ndugu yangu. Salvador Dalí, mchoraji maarufu wa Uhispania, alitia saini karatasi tupu kwa maelfu. Mwaka 1974 forodha ya Ufaransa ilikamata gari lenye karatasi 40,000 za namna hiyo. Saini ilikuwa yake, mchoro ukaja baadaye. Ndiyo maana nasisitiza jina la karakana. Artist Proof Studio ya Johannesburg, kwa mfano, ipo tangu 1991. Karakana ya aina hiyo unaweza kuiuliza.

Wa Mkomani: Mimi hutia karafuu ndani ya fremu, wadudu hawaji.
— Zitoe leo, bibi. Mafuta yake huacha madoa. Ziweke kabatini, mbali na karatasi.

Wa Mkomani: Na udi?
— Fukizeni chumba kingine. Moshi wake hunata, na karatasi isiyo na kioo haisafishiki.